"Ewe Mti" Imetuchosha

Mwenyekiti, walimu wakuu, walimu wenzangu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wasiokuwa huku wala kule, habari za mchana. Nimepewa dakika arobaini. Aliyenipa ananifahamu vizuri, ndiyo maana amekaa mstari wa mbele na saa ameshaivua mkononi. (Kicheko.)

Mada ni kuwasaidia watoto waipende dunia hii ya miti, ndege na wadudu kwa njia ya ushairi. Wengi wenu mmeshanisikia nikiisema, na leo mtanisikia tena, kwa sababu tarehe 5 Juni iliyopita, Siku ya Mazingira, nilialikwa shule moja ambayo sitaitaja. Wakasimama watoto mbele ya wageni wamejifunga majani ya mwembe kichwani, wakaghani:

Ewe mti ewe mti, watupatia kivuli,
Watupatia na viti, na mbao zilizo ghali,
Tusikukate katiti, tukutunze kila hali,
Mti wewe ndio mali, mti tunakushukuru.

Mnacheka kwa sababu mnalijua. Mmelitunga ninyi! Labda si hili, ni ndugu yake wa tumbo moja. Vina vimekaa, mizani imetimia, nane kwa nane, hakuna wa kulalamika. Sasa niambieni: ni mti gani huo? Mwembe? Mvule? Mkungu? Mshororo wa pili tumeshaupasua mbao na kuukalia, mshororo wa tatu tunaapa hatutaukata. Na yale majani ya kichwani yalivunjwa asubuhi ile ile kwenye mwembe wa shule, hakuna aliyeuomba radhi.

Shairi lile angeweza kulitunga mtu aliyefungiwa chumbani tangu azaliwe. Hilo ndilo linaloniudhi. Ndani yake hamna kitu hata kimoja ambacho mtoto amekiona kwa jicho lake, amekinusa, amekishika, au kimemchoma mguu. Ni tangazo lililovishwa vina. Mtoto analikariri wiki mbili, analighani dakika tatu, anapewa soda, anarudi nyumbani akiurushia mawe mti ule ule. Kisha tunashangaa.

Najua yatakayosemwa. Kuna mzee mmoja pale nyuma ameshakunja uso: "Ushairi wetu una mafunzo, wewe unataka kutuletea ushairi wa kuangalia maua." Mzee wangu, shikamoo. Sitaki kuyaondoa mafunzo. Lakini hebu tuwatazame waliokuwa wakifundisha kweli kweli. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi alikuwa na funzo zito kuliko letu lote la mazingira: dunia inapita, roho jihadhari. Angeweza kuliandika hivyo hivyo akaenda zake kulala. Hakufanya hivyo. Aliingia kwenye majumba ya matajiri wa Pate yaliyobomoka akatuonyesha madaka ya ukutani, yale yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya thamani, sasa makinda ya ndege yamelala humo. Akatusikilizisha bundi akilia katikati ya nyumba. Yule alikuwa anahubiri, tena anahubiri mauti, na bado alijua ndege kalala wapi. Ndiyo maana mahubiri yake yanatutia baridi mpaka leo, na ya kwetu yanawatia wageni usingizi. (Kicheko.)

Wala msinisingizie kwamba naishambulia ngonjera. Marehemu Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, kile chama cha Kiswahili na ushairi, walikuwa na kazi ya wakati wao. Azimio la Arusha la 1967 lilihitaji kufika mpaka kwa asiyejua kusoma, na majibizano ya ngonjera yalilifikisha. Chombo kilifanya kazi yake. Kosa ni letu sisi tuliokigeuza kuwa chombo pekee, tukamkabidhi mtoto wa miaka tisa. Leo ngonjera ya ukimwi, kesho ya vyandarua, keshokutwa ya mti. Mtoto haoni tofauti ya mti na chandarua. Vyote viwili ni vitu ambavyo mwalimu anataka vitajwe kwa sauti kubwa.

Sasa nije kwenye mikoko. (Sauti kutoka ukumbini: "Tulijua!") Mlijua, ndiyo. Nitaisimulia tena, maana kila nikiisimulia nasikia walimu wakisema "nzuri sana", halafu hawaendi.

Nilikuwa na darasa la sita, shule iko pwani, ukisimama dirishani unasikia bahari. Watoto wale walikuwa wameandika insha kuhusu "umuhimu wa misitu ya mikoko". Nikasoma insha zote, zote zilikuwa insha moja: mikoko huzuia mmomonyoko, mikoko ni mazalia ya samaki, mikoko hutupatia boriti. Ni sahihi kabisa. Nikauliza, nani ameshaingia humo? Mikono haikunyooka. Baadaye nikagundua nusu yao huingia kila wiki kuokota kaa, ila hawakudhani kwamba kuingia kule kuna uhusiano wowote na swali la mwalimu. Hapo nikaona ugonjwa uko wapi.

Tukaenda siku ya bamvua, mwezi mpevu, maji yametoka mbali kabisa. Nikawapa sharti moja: hakuna kuandika. Kalamu zilibaki shuleni. Kila mtoto achague mti mmoja akae nao, na asirudi kwangu mpaka awe na kitu cha kuniambia ambacho hakimo kwenye insha.

Dakika kumi za mwanzo zilikuwa fujo tupu. Kurushiana matope, kelele, mmoja kapoteza ndala. Mwalimu niliyeongozana naye akaniambia, "Mzee, si nilikuambia?" Nikamwambia subiri. Na kweli, fujo ikachoka yenyewe, maana kwenye tope huwezi kukimbia sana.

Wa kwanza kuja alikuwa mvulana ambaye darasani hasemi, mtoto wa mvuvi. Akasema, "Mwalimu, huu una chumvi." Chumvi gani? Akanipa jani la mchu, mti mmojawapo wa msitu ule wa mikoko. Nikalilamba. Wako hapa ambao wamezaliwa pwani, wamezikwa babu zao pwani, na hawajawahi kulamba jani la mchu! Mti ule hunywa maji ya bahari, kisha chumvi iliyozidi huitolea kwenye majani. Siku ya jua kali utaiona imeganda, inameta. Nikamwita kila mtu. Darasa zima likasimama linalamba majani, mpita njia angedhani tumerukwa na akili.

Baada ya hapo sikuwa na kazi tena. Mmoja akaja kuniambia vile vijiti vinavyochomoza topeni ni vya mchu ule ule, amevifuata kwa mkono mpaka mbali na shina. Mti unapumua kupitia vile, kwa sababu tope lenyewe halina hewa. Mwingine akawa amekaa mbele ya tundu la kaa, wale wadogo wenye gando moja kubwa na la pili dogo, dume anapunga gando juu chini, juu chini. "Mwalimu, anamwita nani?" Kabla sijajibu, mwenzake: "Anaita mke." Sahihi. Yule wa kwanza akatazama tena, akauliza mbona wengine gando kubwa ni la kushoto na wengine la kulia. Nikanyamaza. Nilikuwa na jibu la umuhimu wa mikoko. La gando la kushoto sikuwa nalo.

Na binti mmoja alikuwa chini ya mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kuning'inia. Akaona zile fimbo za kijani zinazoning'inia matawini. Mkoko haudondoshi mbegu kama mti mwingine: mbegu huota ikiwa bado juu kwa mama, ikikomaa hudondoka, ikipata tope huchoma na kusimama, ikikuta maji yamejaa huelea mpaka ipate pa kukaa. Binti akashuhudia moja ikidondoka na kusimama. Akaja mbio: "Mwalimu, nina kitendawili." Tega. "Mama hudondosha watoto, wakianguka husimama." Jamani! Mimi nimesoma vitabu vya vitendawili vingi. Hicho hakimo, na ningetoa mji mzima kukipata.

Tuliporudi darasani ndipo kalamu zikatoka. Hili wamelitunga pamoja, mimi nimesaidia mizani tu:

Nimelamba jani lako, mchu una chumvi kali,
Tope ndilo shuka lako, vidole vyatoka mbali,
Maji yajaapo kwako, hubaki kichwa na mwili,
Nani alokufundisha, kunywa bahari ya chumvi?

Hapa hakuna "tukutunze". Hakuna "asante". Lakini niambieni, mtoto aliyeuliza swali la mwisho atakuwa wa kwanza au wa mwisho kuchukua shoka? Sina utafiti wa kuwaonyesha. Nina macho.

Sasa pingamizi. "Mwalimu, mtihani." Mtihani unauliza beti, mishororo, vina, mizani, kibwagizo, mtoto aliyesumbuka kutafuta neno la mizani minane ili chumvi yake iingie amejifunza mizani kuliko aliyenakili ubaoni. "Mwalimu, watoto themanini darasani." Wagawe, nusu wabaki na vitendawili. "Wataumia." Wavae viatu, chaza wa kwenye mizizi wanakata. Lingine?

(Swali kutoka ukumbini: "Sisi wa Korogwe hatuna bahari, tuna mkonge tu.") Mkonge tu! Ndugu yangu, mkonge una hadithi kuliko mikoko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Mashamba yote unayoyaona ukipita kwa basi yameanzia kwenye hiyo 62. Halafu mtazame wenyewe: unakaa miaka bila kutoa ua, siku moja unapandisha mlingoti mrefu kuliko nyumba, unachanua, na ukishachanua unakufa. Kwenye mlingoti ule ule wa maiti vichipukizi vimejaa, vinadondoka chini kuanza upya. Wapeleke watoto wakae chini ya mlingoti mmoja. Kama hawakurudi na shairi, njoo unidai nauli.

Kuhusu vina na mizani, maana najua kuna kijana atauliza kwa nini nawafunga watoto na sheria za wazee wakati mshairi Kezilahabi alishazifungua kwenye diwani yake ya Kichomi mwaka 1974. Mimi sina ugomvi na shairi huru. Ila mtoto wa darasa la nne hupenda mchezo wenye sheria, kama kibe na rede. Anapohesabu silabi kwa vidole anacheza. Akikwama, mwacheni avunje. Bora mshororo wa mizani saba wenye kaa wa kweli kuliko wa nane wenye "ewe". Na tafadhali msimrekebishe akitumia jina la nyumbani la ndege au mmea. Akisema neno la Kisambaa au Kidigo, liandikwe hivyo hivyo.

Wadogo kabisa, la kwanza na la pili, msiwape mashairi ya kutunga. Wapeni vitendawili. Nyumba yangu ina nguzo moja? (Ukumbi: "Uyoga!") Ajenga ingawa hana mikono? ("Ndege!") Mnaona? Hakuna mtu anayesinzia tena. Kitendawili kinamlazimisha mtoto aukumbuke uyoga ulivyosimama. Baada ya vile vya wazee, watege vyao, kwa kitu walichokiona njiani asubuhi hiyo, si jana.

Nilitaka kuzungumzia pia pepo, kaskazi na kusi, na jinsi mtoto anavyoweza kuweka daftari la upepo mwaka mzima, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka vilevile kuisemea ile tenzi ndogo ya mnazi, kutoka kidaka, kitale, dafu, koroma mpaka nazi, kila umri ubeti wake. Mtaitunga wenyewe, ni rahisi. Na bundi, jamani, mwacheni bundi. Mtoto akiandika juu ya bundi msimwambie ni nuksi. Bundi anakula panya wa ghala lako. Basi, mwenyekiti, naona umesimama.

Tangazo moja tu. Kesho ni bamvua, maji yatakuwa yametoka saa nne, saa tano hivi. Wanaotaka kwenda kwenye mikoko tukutane hapa mlangoni saa tatu. Viatu vya zamani, kofia, maji ya kunywa. Kalamu msilete. Na yule aliyekuja na kipaza sauti cha ngonjera, kikae hapa hapa ukumbini. (Kicheko, makofi.)