Usisubiri mpaka uokote makopo

Haya wanakikoba, naona wa nyuma bado wanahesabu marejesho, hesabuni tu mi naanza. Nimeombwa niongee afya ya akili na hapa Dodoma ukitaja tu hiyo watu wanacheka, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe si ipo hapo tangu 1927, tumeifanya utani, mtu akisahau chenji anaambiwa wewe utapelekwa Mirembe. Utani huo ndo unatuponza, maana mtu anajipima hivi, mimi sivui nguo barabarani, siokoti makopo, basi niko fiti, kumbe wengi wanaohitaji daktari wanaamka, wanapika, wanafungua genge na mkopo wanarudisha.

Mara nyingi inaanzia mwilini. Mama anakuja kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, kapima malaria hakuna, taifodi hakuna, panadol kameza mpaka kachoka, ukimuuliza usingizi anakwambia nashtuka saa tisa usiku ndo basi tena mpaka adhana. Kwa sonona sisi wa hospitali tunaangalia wiki mbili, yani huna raha au huna hamu na kitu chochote, karibu kila siku, wiki mbili, na mambo yameanza kuharibika, kazi haziendi, watoto unawafokea, hata kanisani au msikitini umeacha kwenda. Mume kakuudhi umenuna siku tatu, hiyo pole tu itapita.

Ila kuna ambayo hayasubiri wiki hata moja. Mtu akisema bora nife, au kaanza kugawa vitu vyake na kuaga aga watu, muulize wazi unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumpi wazo jamani, anapata pa kulisemea, na usimwache peke yake, sumu ya panya na dawa za shamba toa humo ndani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Anayesikia sauti wengine hawasikii, hivyo hivyo. Na mzazi (hili nalisema kwa nguvu) kajifungua juzi juzi tu, halali, anaongea visivyoeleweka, anasema huyu mtoto sio wangu, wee usimwache na mtoto peke yake, msianze kuzunguka kwa waganga, usiku huo huo hospitali.

Sio lazima Mirembe, anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ila ukifika usiishie kwenye kichwa kinauma, sema silali, nalia, natamani kufa. Watakupima na damu, maana upungufu wa damu au shida ya tezi ya shingoni inaweza kuleta uchovu kama huo huo. Wengine wanapewa maongezi tu bila dawa. Ukipewa dawa za sonona ujue zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, sasa nyie siku ya tano mnaacha mnasema hazisaidii! Maombi endelea nayo, dokta hana ugomvi na mchungaji wala shehe.

Eeh, mama wa kitenge cha njano anauliza, je mume akikataa kwenda hospitali? Kwa wanaume wengi sonona haitoki kama kilio, inatoka kama hasira na pombe, kwaiyo ukimwambia we unaumwa akili umeshaharibu. Mwambie baba fulani siku hizi hulali, twende tukacheki na presha, mkiingia kwa dokta kaa hapo hapo, akisema yuko poa we elezea za usiku.