Saa ya mbizi iliyouawa na mvua

Mhadhara kwa vijana wa ufundi, Katuba, Lubumbashi

Ba papa, ba mama, na ninyi vijana mnaojifunza kazi ya mikono, hamjambo wote. Nimekuja na saa moja tu. Mama mmoja wa Kampemba aliniletea ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Aliikuta ndani ya kopo la misumari la marehemu baba yake, chini ya paa linalovuja. Ni saa ya wapiga mbizi wa jeshi. Ilitengenezwa ishindane na bahari, na mvua ya Lubumbashi ikaiua kidogo kidogo.

Nilijuaje ni ya jeshi? Tazameni hapa mkanda unapopita. Saa nyingi zina vijiti vya springi, ukibonyeza vinatoka. Hivi vimechomelewa. Mpiga mbizi akikwaruza mkono kwenye ubavu wa meli, kijiti cha springi huweza kuchomoka, saa ikazama. Na hii pete ya pembeni: unapoingia majini unaizungusha alama yake ikae juu ya mshale wa dakika, baadaye unasoma umekaa chini muda gani. Mwaka 1953 wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, wakiongozwa na Robert Maloubier, walipata saa ya namna hiyo kutoka Blancpain, kampuni ya saa ya Uswisi. Iliitwa Fifty Fathoms, yaani pima hamsini za baharini, kina cha mita 91 hivi. Huko chini mgandamizo ni kama mara 10 ya huu wa hewa tunayovuta hapa, na kinachozuia maji yasiingie ni jointi za mpira nyembamba kama tambi.

Mpira huzeeka. Nilipofungua mgongo wa saa, jointi ilikuwa imegeuka lami, inanata kwenye kibano. Fimbo ya kutilia ufunguo ilikuwa kutu tupu. Skrubu tatu zilikuwa zimekatika vichwa, kwa sababu kuna mtu kabla yangu alizilazimisha.

Hapo ndipo vijana wengi mnakimbilia keekee. Acheni keekee! Tafuta shabu, lile jiwe ambalo kinyozi anakupaka baada ya wembe. Liponde, liyeyushe kwenye maji ya moto. Toa kwanza kila kipande cha chuma unachokihitaji bado, maana hakitapona, kisha zamisha bamba la shaba njano peke yake. Shabu hula chuma, shaba haiigusi. Niliweka gilasi karibu na mbabula ipate joto tu, isichemke. Povu dogo likaanza kupanda kutoka kwenye matundu, punje moja moja. Jioni ya siku ya pili skrubu zilikuwa tope jeusi. Nikazisukuma nje kwa kijiti cha meno, na mikato ya ndani ya tundu ilikuwa mizima kama siku ilipochongwa. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Kazi hii ina furaha ambazo siwezi kumweleza mtu asiyeshika turnevisi.

Kuosha magurudumu, springi mpya, mafuta tone kwa tone: hayo mnayaona kila siku karakana.

Sasa uso wa saa, na hapa nawaomba mnisikilize sana. Hizi nukta za kahawia ni rangi yenye radiamu, kitu kinachotoa mionzi ya hatari. Ilichanganywa na salfaidi ya zinki ili ing'ae gizani. Wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani Marekani walikuwa wakinyoosha ncha ya brashi kwa midomo yao. Taya zao zikaoza, wengi wakafa. Na radiamu ina historia hapa kwetu. Mwaka 1915 Robert Rich Sharp alikuta madini ya urani Shinkolobwe, upande wa Likasi. Kuanzia 1922 kampuni ya madini ya Union Minière iliyapeleka Olen, Ubelgiji, ikakamua radiamu, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa duniani ilitoka kwenye udongo huu. Shinkolobwe tunaikumbuka kwa bomu la Hiroshima. Mimi nataka mkumbuke pia mikono ya wazee wetu waliochimba ili mtu mwingine asome saa gizani.

Kaka wa yule mama alitaka nikwangue rangi hiyo, nipake mpya, ning'arishe na chuma chote. Nilikataa. Vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Nilifungulia saa nje, upepo ukipita, kwa sababu radiamu hutoa gesi ya radoni. Nikavaa barakoa, nikafanya kazi juu ya karatasi mbichi, wala sikula chochote hadi niliponawa. Nukta sikuzigusa. Mikwaruzo ya chuma nayo nimeiacha yote, ni ya baba yao.

Imetembea tena. Inachelewa sekunde 40 kwa siku, na nimemwambia mama asiivae, asiifungue, wala asiiweke karibu na watoto.

Iko hapa mezani, ndani ya kikasha. Njooni wawili wawili. Kijana pale mlangoni, zima taa kidogo. Mnaona? Giza tupu, hakuna kinachong'aa. Zinki imechakaa. Radiamu yenyewe, ili ipungue nusu, inahitaji miaka 1600.