Malengo ya mwaka mpya: nimefuta nane, limebaki moja

Haya jamani mambo, wakubwa shikamooni, heri ya mwaka mpya. Nipo kwenye gari hapa Minneapolis, hita nimewasha mpaka mwisho na vidole bado vinauma, kwaiyo mkiniona na glavu ndani ya gari msinicheke.

Sa nyie saa sita usiku mlikuwa mkesha au mnalipua fataki, huku ilikuwa saa tisa mchana tarehe 31, mi nimejibanza stoo ya mashuka kazini na simu, mama anapiga vigelegele kule Mbagala nami namnong'oneza "na kwako mama", hapohapo babu wa chumba cha pili anabonyeza kengele anataka kupelekwa msalani. Ndo nilivyouingia mwaka.

Usiku nikafungua daftari la mwaka jana. Malengo tisa! Kumalizia nyumba Kibaha, kuanza unesi, kununua bajaji ya biashara, kupunguza kilo kumi, kumsomesha mtoto wa dada, kuja Bongo Desemba, mpaka kujifunza kuogelea yaani sijui nilikuwa nawaza nini. Lililotimia ni la ada tu, tena sio kwamba nilijipanga, ni kwa vile dada alikuwa ananipigia kila Jumapili bila kukosa. Nikajisemea kumbe mwaka mzima vipaumbele vyangu anavipanga anayewahi kupiga simu! Kadi ya harusi ikiingia WhatsApp hiyo ndo inakuwa lengo la wiki.

Nikachukua kalamu. Wiki ina masaa 168. Nachapa shifti tano za masaa 12, hapo 60 zimeenda. Kulala masaa saba kwa siku ni 49, barabarani kama 10, zinabaki 49. Utasema mbona nyingi, haya toa kupika, kufua, kanisani, kupiga koleo theluji, halafu ukishasimama masaa 12 unageuza na kunyanyua wagonjwa hiyo jioni huna kichwa cha kusoma chochote, unakula ugali umesimama unalala. Na unesi unaanzia darasa la anatomia, masaa manne kwa wiki, na mwalimu anataka kila saa ya darasani usome mbili nyumbani. Jumla 12. Shifti moja kamili!

Hapo ndo pagumu, kwa sababu hela ya ile shifti ya tano ndo ilikuwa inaenda kwa fundi Kibaha. Kwenye daftari unesi na nyumba vimekaa mistari miwili tofauti, namba moja na namba mbili, vizuri tu, kumbe vinakula sahani moja. Kwaiyo nimeshaomba shifti nne, nasoma, nyumba inasimama hapohapo kwenye lenta. Hayo mengine saba nimeyachora mstari, ada nimeihamishia kwenye bajeti kama kodi ya nyumba maana hiyo hata haikuwa lengo, ni deni. Na ndugu zangu wa kadi za dabo, mwaka huu ni singo tu, mtanisamehe.

We na listi yako jaribu, mbele ya kila kitu andika kitakula masaa mangapi kwa wiki na hela itoke wapi, usiandike "Mungu atafanya", andika masaa.

Kumwambia mama ndo nilikuwa naogopa, maana pagale lile analipitia kila akienda kwa mamdogo, na juzi alinitumia picha mbuzi wa jirani wamelala sebuleni kwangu. Nikamweleza yote. Kimya. "Sasa mwanangu, watu wakiniuliza?" Nikamwambia waambie nasoma. Akavuta pumzi, akasema haya soma, ila tuma hela ya mlango, hao mbuzi wamezidi.

Mlango nimekubali. Jamani saa moja kasoro hii, naingia kazini.