Msasa Huhesabiwa kwa Bakuli, si kwa Karatasi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Walionisikia siku za nyuma wanajua ninakoelekea, na nawaomba wavumilie, maana hali bado ni ileile: tunatupa msasa mwingi, kisha tunalalamika kwamba msasa ni ghali.

Mkerezaji, fundi anayechonga mbao zikizunguka kwenye mashine, akifika dukani anauliza, karatasi bei gani? Anaambiwa, anapunguziwa kidogo, anaondoka amefurahi. Swali lililompasa ni jingine: bakuli langu moja linakula msasa wa shilingi ngapi? Anayenunua karatasi ya bei ya chini akaimaliza kwenye bakuli moja amegharimika kuliko aliyelipa mara mbili akapata mabakuli matano. Na panapoliwa fedha nyingi kuliko popote ni kwenye namba ya kwanza ya msasa, ile unayoanzia; namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa. Hapo ndipo nitakaa.

Chukua bakuli la mninga la sentimita 25. Patasi imeshapita, na kwa kuwa ubao umekatwa kwa urefu wa mti, kila mzunguko una sehemu mbili ambazo nyuzi zinamtazama mkerezaji kwa vichwa. Sehemu hizo mbili zimenyofoka, zina vishimo. Fundi anaogopa kuharibu kazi, anachukua namba 180. Chembe ya P180, yaani namba 180 kwa vipimo vya Ulaya, ina upana wa kama milimita 0.08. Kishimo cha nyuzi zilizonyofoka kinaweza kufika nusu milimita au zaidi. Unamtuma mtu achimbe kisima kwa kijiko! Diski ya kwanza, duara la msasa linalozungushwa na drili, inaziba, ya pili inachakaa, ya tatu inapata moto, ya nne anaisukuma kwa nguvu za mabega. Diski sita zimekwenda na vishimo bado vinaonekana.

Angeanza na P80. Chembe yake ni milimita 0.2. Diski moja nzima, pengine mbili, na uso wote umesawazika. Najua mtaniambia: namba 80 inaacha mikwaruzo mikubwa. Naam, inaacha. Lakini mikwaruzo hiyo ina kina kimoja bakuli zima, na P120 yenye chembe za milimita 0.125 inaifuta kwa muda mfupi. Baada yake P180, kisha P240, ambayo ni kama 0.06, kisha P320, chini kidogo ya 0.05. Kila namba ina kazi moja tu, kufuta alama za namba iliyoitangulia. Haikuumbwa kufuta alama za babu yake. Ukiruka kutoka 80 kwenda 240, mikwaruzo ya 80 inabaki chini, unaing'arisha vizuri, unapaka mafuta, na hapo inajitokeza yote kama mistari ya daftari. Sasa unarudi mwanzo, na msasa wa kurudia nao umeununua.

Utajuaje kwamba namba imemaliza kazi? Piga mistari ya penseli bakuli zima, ndani na nje, usage mpaka ya mwisho itoweke. Zima mashine, pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, mulika tochi kwa ubavu, mwanga uulalie ubao. Palipo na shaka pitisha kitambaa chenye spiriti: mkwaruzo unaonekana papo hapo, spiriti inakauka, unaendelea. Kupangusa kati ya namba na namba kusirukwe kamwe. Chembe moja ya 80 iliyobaki ndani ya bakuli inakamatwa na diski ya 240 na kuchora duara zima.

Kuna wanaosema, mimi situmii msasa mwingi, ile 120 yangu ikichakaa naifanya 180. Hapana! Msasa wa 120 uliochakaa ni 120 iliyochakaa. Chembe nyingi zimekuwa butu, zinasugua na kutoa joto bila kukata, na chache zilizobaki na meno ndizo zinazochora mikwaruzo ya 120 uliyodhani umeiaga. Wazee wa zamani waliosugua kazi zao kwa majani ya mti wa msasa, ambao karatasi hii imerithi jina lake, hawakung'ang'ania jani lililolainika. Walichuma jingine. Diski ikiacha kutoa unga na kuanza kutoa joto, ibandue.

Sasa vile vishimo vya sehemu mbili. Mashine ikiwa inazunguka, msasa unakula haraka pande laini na kuchelewa kwenye vichwa vya nyuzi, ambavyo ni vigumu zaidi. Ukikazana hivyo, duara linapotea na ukingo unakuwa mnene huku, mwembamba kule. Zima mashine, funga mhimili usizunguke, peleka drili yenye diski ya P80 palipo na kasoro, kisha tanua eneo la kusaga pande zote ili usiache shimo. Rudia upande wa pili. Ndipo uwashe mashine kusawazisha. Na kabla ya hayo yote, noa patasi upitishe mkato mmoja mwepesi wa mwisho. Patasi inanolewa kwa jiwe unalotumia miaka, msasa unanunuliwa kila wiki.

Joto ndilo adui wa pili wa mfuko wako. Bakuli la sentimita 30 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu mita 16 kwa sekunde. Lipunguze hadi mara 300, unakuwa chini ya mita 5. Drili iende mara 1,000 hivi kwa dakika, usibonyeze swichi mpaka mwisho. Ubao ukiwaka moto hadi kidole gumba hakivumilii, vichwa vya nyuzi vinapasuka nyufa nyembamba kama unywele, na hakuna msasa wa kuziondoa. Vilevile vindoano vya velkro kwenye pedi, kile kitako cha drili kinachobeba diski, vinayeyuka, diski zinaanza kuruka, unailaumu diski.

Grenda je? Nimeulizwa tena leo pale mlangoni. Grenda ya kawaida ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ukingo wa diski yake unapita mita 60 kwa sekunde. Hiyo ni ya chuma. Kwa bakuli tafuta drili, ikiwa ya shingo iliyopinda ni bora zaidi kwa sababu mkono unaingia ndani bila kujikunja. Kama ina nyundo ya kutobolea zege, hakikisha umeizima.

Ndani ya bakuli sagia upande wa kushoto chini, pale palipoandikwa 7 na 8 kwenye uso wa saa; nataja namba zilizoandikwa, msinihesabie saa moja na saa mbili. Hapo ubao unashuka na drili haikutoroki. Geuza mzunguko wa drili, mbele au nyuma, ili ukingo unaogusa uende kinyume na ubao. Ilaze pedi kidogo, nusu yake iguse, maana katikati ya diski hapakati. Na usitulie mahali pamoja, hasa kitovuni mwa bakuli. Pale ubao karibu hauendi, drili ndiyo inayokula peke yake na itachimba kibonde.

Tuje kwenye kununua. Diski zilizokwisha kukatwa, milimita 50, ndizo ghali kuliko msasa wote kwa eneo. Nunua msasa wenye mgongo wa manyoya ya velkro unaouzwa kwa mita. Ule wa upana wa milimita 115 unatoa diski mbili kila safu, kwa hiyo mita moja inatoa safu 18, diski 36. Ukikosa, nunua msasa wa kawaida wenye mgongo wa kitambaa na upande wa manyoya wa velkro kutoka duka la vifaa vya ushonaji, uvibandike kwa gundi ya viatu: paka pande zote mbili, ngoja zisinate kidoleni, gandamiza, acha hadi kesho. Karatasi kamili ya milimita 230 kwa 280 inatoa diski 20, nne kwa tano. Tuseme karatasi ni shilingi 1,000: diski ni shilingi 50, ongeza velkro na gundi. Linganisha mwenyewe na bei ya pakiti.

Kitoboleo ni kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha ndani cha milimita 52, kilichonolewa ukingo kwa nje. Weka msasa juu ya gogo lililosimama, uso wa chembe ukitazama chini ili makali yaingie kwa mgongoni, piga nyundo mara moja kwa nguvu. Mbona 52 wakati pedi ni ndogo? Kwa sababu diski lazima ipite ukingo wa pedi milimita mbili tatu, iwe laini pembeni. Ikilingana sawasawa, ukingo wa pedi unachora mistari.

Pedi nayo tengeneza. Duara la mbao la milimita 46, bolti ya milimita 6 katikati, soli ya ndala iliyobandikwa juu yake, na velkro ya vindoano juu ya soli. Tengeneza mbili, moja ngumu ya kusawazisha na moja yenye sponji laini ya kufuata mviringo.

Harakaharaka sasa. Angalia herufi P mgongoni. Msasa wa vipimo vya Kimarekani ulioandikwa 400 bila P una chembe kama za P800, na ukiuchanganya na wa P utashangaa kwa nini haukati. Miti yenye mafuta, kama mpingo, inaziba msasa. Tafuta ule wenye tabaka jeupe, au usafishe diski ikiwa inazunguka kwa soli ya krepu ya mpira wa asili. Ninyi wa pwani, hifadhini msasa ukiwa umelala, ndani ya nailoni iliyofungwa. Unyevu unaukunja na gundi inalegea.

Vumbi lilistahili saa nzima na nimebakiza dakika mbili. Vumbi la mbao limo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, ndivyo wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulivyotangaza mwaka 1995. Vumbi la mvule na mpingo linawasha pua na ngozi. Kitambaa cha pua hakizuii vumbi hilo. Vaa barakoa ya N95 au FFP2, weka feni mgongoni ikipeleka vumbi dirishani, na usiivue barakoa ukizima drili, kwa sababu vumbi jembamba linaelea muda mrefu baada ya kazi.

Kitoboleo, gogo na nyundo viko pale mezani. Nimeleta mita moja ya P80 na mita moja ya P120. Aje mmoja mmoja akate diski mbili, azifunge kwenye drili, ajaribu kwenye lile bakuli la mninga lenye vishimo.