Kutu kwenye bodi la nyuma la pikapu: tunakata, tunachomelea, tunapaka

Haya, karibuni gereji. Leo tuna Hilux ya kubeba samaki. Alfajiri inapakia Sahare, inapanda Muheza mpaka Korogwe, jioni inarudi hapa Tanga na harufu yake. Dogo, sogeza simu. Siyo uso wangu, huku chini. Mnaona hii rangi ilivyoumuka kama andazi? Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inanyanyua rangi kabla tundu halijaonekana. Mwenye gari ameniambia ni kidoa tu, nikipake puti, ule udongo wa kujazia bodi kabla ya rangi, aondoke zake. Basi tukione hicho kidoa.

Nagonga kwa mpini wa bisibisi. Sikilizeni. Ti, ti, ti, hapo chuma ni kizima. Ti, ti... pu. Mmesikia? Pu. Nageuza ncha, nasukuma bila nguvu yoyote, na... imezama yote. Dogo, mulika humo ndani ya tundu. Ule ni mchanga wa gereji yangu tunauona kupitia sakafu ya gari la watu.

Sasa kabla ya kukata chochote, elewa maji yalikaa wapi. Sakafu ya bodi imelala juu ya mihimili inayopita kutoka ubavu mpaka ubavu. Kati ya sakafu na mhimili pana ufa mwembamba. Maji ya barafu yanachuruzika humo pamoja na chumvi, magamba na mchanga, na hayatoki. Juu jua linakausha, unaona pakavu, kumbe chini pamelowa wiki nzima. Chumvi yenyewe haina meno. Kazi yake ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu ni shughuli ya umeme mdogo mdogo ndani ya chuma. Kwa hiyo gari la pwani kutu yake inaanzia chini inakuja juu, na ukipaka puti juu umeifunika tu iendelee kula bila kusumbuliwa.

Osha bodi kwa maji ya bomba na sabuni, kausha. Toa mpira wa sakafu, toa taa za nyuma, toa waya wa hasi kwenye betri. Hayo mnayajua.

Bolti zinazoshika bodi kwenye chesi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jana yake. Zikigoma, zikate kwa grainda, bolti mpya bei yake ni ndogo. Na ndiyo, mimi bodi nalinyanyua. Ita vijana wanne, shika kona nne, weka juu ya magogo. Najua mafundi wengi wanachomelea likiwa palepale kwenye gari. Chini ya bodi kuna tangi la mafuta, kuna paipu za breki, kuna nyaya. Cheche ya grainda haichagui pa kuangukia. Kama huna watu wa kunyanyua, subiri mpaka uwapate.

Sasa limelala kifudifudi. Aah. Dogo, njoo hapa. Hii sikuitegemea. Mhimili wa pili kutoka nyuma haupo. Rangi ndiyo iliyokuwa imebaki na umbo la mhimili, naugusa unabaki mkononi. Na hii nyeusi yote ni oili chafu. Kuna mtu aliipuliza huku chini akiambiwa inazuia kutu. Oili chafu inashika mchanga, mchanga unashika maji, raba za springi zinavimba na kulainika, halafu fundi akija kuchomelea inawaka moto. Itabidi niikwangue yote na kuifuta kwa petroli kidogo kwenye tambara, hapo nje, mbali na mashine, na matambara nisiyaache humu ndani.

Baada ya hapo brashi ya waya kwenye grainda. Miwani vaa, siyo ya jua. Waya wa brashi unachomoka na unaruka kwa kasi ya grainda.

Tunachora kwa chaki. Usifuate ukingo wa tundu. Fuata mpaka pale ambapo ukigonga unasikia ti, kisha ongeza vidole viwili. Kona zako ziwe za mviringo. Kona ya pembe kali joto linajikusanya hapo, na baadaye bodi likipiga mashimo ya barabarani ufa unaanzia hapohapo.

Nakata. Diski nyembamba ya milimita 1, taratibu.

Anaingia mwenye gari. Shikamoo mzee wangu.

«Marahaba. Fundi, nilikuletea kidoa, mbona umetoa dirisha?»

Mzee, shika hiki kipande. Kikunje.

«Kimevunjika.»

Ndicho kilichokuwa kinabeba samaki wako.

«Haya, endelea. Lakini Jumamosi nina mzigo.»

Tutaongea, mzee. Hiyo Jumamosi msiishike sana kichwani, tutairudia kwenye rangi.

Bati sasa. Kwa sakafu natumia shiti nyeusi ya geji 20, ni kama milimita 0.9. Kwa mihimili geji 18, milimita 1.2. Tafadhali, bati la kuezekea nyumba liache liezeke nyumba. Kwanza ni jembamba mno. Pili lina zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, usiku unatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria. Watu wanakunywa maziwa ndiyo wachomelee. Maziwa kunywa kama unayapenda, yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kifuani. Kama lazima uchomelee chenye zinki, ikwangue mpaka chuma kionekane, fanyia kazi nje penye upepo, na vaa barakoa ya kuchuja moshi, siyo kitambaa.

Kiolezo tunakata kwa katoni. Lala juu ya tundu, pitisha penseli, kata, jaribu. Migongo ya sakafu ndiyo inayosumbua, kwa sababu kipande kikiwa bapa na sakafu ina migongo, hakikai. Mimi nina mashine ya kukunjia hapo nje, na vipande vyenye migongo tayari nauza, nitasema mwishoni. Huna mashine? Panga nondo mbili sambamba, weka bati katikati, gonga kwa nyundo ya mbao juu ya nondo ya tatu. Haitoki nzuri kama ya kiwandani, lakini itakaa.

Kipande kiingie ndani ya tundu, kisilale juu yake. Narudia: kiingie ndani, ukingo kwa ukingo, nafasi ya milimita moja kuzunguka. Ukilaza kipande juu ya sakafu umetengeneza ufa mpya wa kutunza maji, na mwakani tunakutana tena.

Mhimili mpya: nimekunja, nimepaka praima ya zinki, ile rangi ya kwanza inayoruhusu kuchomelea juu yake, pale utakapogusana na sakafu tu. Hiyo ni kidogo, moshi wake ni mdogo, barakoa bado ninayo usoni. Kwenye sakafu natoboa matundu ya milimita 8 juu ya mstari wa mhimili, nayajaza kwa moto kutoka juu. Ndivyo kiwanda kilivyoshika, nukta kwa nukta.

Sasa. Dogo, weka simu kwenye stendi, usisogee. Hapa ndipo kazi inapoharibikia, nisikilizeni kwa makini.

Usiburuze moto. Usiburuze! Bati jembamba ukilivuta mstari mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, linapanda katikati kama kifuniko cha sufuria, na hakuna nyundo itakayolirudisha vizuri. Donoa. Nukta hapa, nukta upande wa pili. Nukta juu, nukta chini. Kisha simama. Weka kiganja karibu na bati, bila kugusa: ukisikia joto kali, ngoja. Mashine yangu ni ya migi, ile inayosukuma waya yenyewe, waya wa milimita 0.8. Wenye mashine za rodi tumieni rodi ya milimita 2.0, ampea 40 hadi 50, na pumzi nyingi zaidi kati ya nukta na nukta.

Nadonoa... nahama... nadonoa. Nahama mbali, siyo hapo jirani. Mnaona sina haraka? Kuna sauti kichwani itakuambia, «Aah, imebaki kidogo, malizia tu.» Hiyo sauti usiisikilize. Na maji ya kupoza simwagi. Naacha lipoe lenyewe, naenda kunywa kahawa.

Subiri. Moshi. Moshi huo siyo wa kuchomelea. Dogo, lile tambara! Hapo chini ya ubavu... Limezima. Ndiyo maana mnaniona na ndoo ya maji na mchanga kila nikichomelea. Rangi ya upande wa pili imeungua kidogo, tungeikwangua hata hivyo. Tuendelee. Pengo kati ya nukta na nukta linajazwa kwa nukta nyingine, mpaka zishikane zote zenyewe. Bila kuburuza. Nimeshasema, nitasema tena.

Umeme umekatika.

Haya, umerudi, kumeingia giza lakini tuna taa. Nimesugua nukta kwa diski ya msasa, 80, kidogo kidogo, kwa sababu diski nayo inaleta joto na inapunguza unene. Sasa natuma dogo chini ya bodi na tochi, mimi naangalia juu. Panapopita mwanga panaingia maji. Pale kuna kimoja. Na pale. Naweka alama, nadonoa tena.

Pale penye vishimo vya kutu lakini chuma bado kinene, sikati. Napaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki. Inageuza kutu iliyobaki ndani ya vishimo kuwa ganda la fosfeti linaloshika praima vizuri. Haifanyi kazi juu ya kutu inayobanduka magamba, hiyo lazima itoke kwa brashi kwanza. Glavu vaa. Masalio yafute kama kopo lilivyoelekeza, acha pakauke.

Puti. Kwenye sakafu sipaki puti, na hapa tutagombana na mafundi wenzangu. Kreti la samaki likidondoka puti inapasuka, na puti inafyonza maji, inayashikilia juu ya chuma kama sponji. Sakafuni acha alama za nukta zionekane, hili ni gari la kazi. Puti ni ya ubavu, pale rangi inapotazamwa, na iwe nyembamba. Hadina, ile dawa ya kuigandisha, iwe kidogo sana, asilimia 2 hivi ya uzito wa puti. Kwa joto la Tanga ukizidisha inakugandia kwenye ubao hata hujaipeleka kwenye gari. Changanya kiasi cha kutosha sehemu moja tu. Msasa 80, 180, 320, na usiisugue kwa maji kabla haijafungwa kwa praima.

Praima ya epoksi, juu na chini, tabaka mbili. Chini nasisitiza, kwa sababu wateja hawaoni chini na mafundi wanalijua hilo. Ikikauka napitisha silanti ya bodi, ile gundi laini ya kuziba mishono, kwenye kila mshono, kila mahali sakafu inapokutana na mhimili, nasukumia kwa kidole chenye glavu mpaka ufa ushibe. Ule ufa tuliouona mwanzo ndio huu naufunga sasa.

Halafu vitundu vya kutolea maji. Kila bodi linakuja navyo kwenye kona, na kila bodi la samaki linaletwa hapa vikiwa vimezibwa kwa magamba na matambara. Nimevizibua kwa waya, nikavipanua kidogo, kingo zake nikazipaka praima kwa brashi ndogo. Usivizibe kwa silanti. Nimewahi kuona mtu anajitahidi kuziba kila kitu mpaka hivyo.

Rangi ya juu: ukitumia ile ya kuchanganya na hadina, barakoa ya vumbi haitoshi, tafuta ile yenye vichujio vya kaboni. Watoto wasiwe karibu. Chini napaka lami ya magari, tabaka jembamba, baada ya praima kukauka kabisa, siyo badala yake.

Sasa Jumamosi ya mzee. Rangi ukiigusa kesho haitashika kidole, lakini ndani bado ni laini. Kreti likiburuzwa linaichuna mpaka kwenye praima. Nimemwambia akodi gari lingine kwa safari hiyo moja. Amenuna, amekubali. Pia nimemwomba aache kuosha bodi kwa maji ya bahari pale ufukoni. Anayachota kwa ndoo kwa sababu ni ya bure, anamwaga chumvi kwenye gari lake mwenyewe. Maji ya bomba, kila jioni, mpira utolewe, mlango wa nyuma uachwe wazi yatiririke.

Vipande vyenye migongo nauza kwa futi, geji 20, na mihimili iliyokunjwa ninayo. Ukinitumia ujumbe niandikie mwaka wa gari, na kama ni kebini moja au mbili, maana urefu wa bodi haulingani. Na picha ya chini. Picha ya juu usinitumie.