Kukata springi ili gari ikae chini: tazama kwanza, grenda baadaye

Haya wadau, karibuni gereji. Leo tunashusha hii Corolla 110 kwa kukata springi za mbele. Ndiyo, kukata. Najua kuna watakaoandika hapo chini kwamba huo ni ushamba, nunua springi fupi, na mimi mwenyewe nauza springi fupi, ziko kwenye rafu hapo nyuma yangu. Lakini vijana wanakata kila siku, tena kwa gesi, kwa hiyo bora muone inavyofanywa na muone pale inapoweza kukutoa roho.

Legeza nati za tairi, piga jeki, weka stendi, toa tairi. Hayo mnayajua. Nimesema stendi, sikusema tofali. Tofali la saruji linabeba vizuri tu mpaka pale linapopasuka, na halitoi taarifa.

Nimekwenda mbio. Kabla hujapiga jeki kuna kipimo cha kuchukua, gari ikiwa imesimama kwa tairi zake. Ingiza mkono na tepu nyuma ya tairi, pima kutoka katikati ya mzunguko mmoja wa springi hadi katikati ya unaofuata. Mimi upande wa kulia nimepata sm 4. Basi ukikata mzunguko mmoja mzima, gari itashuka kama sm 4. Ukikata nusu, sm 2. Wengi wanapima springi ikiwa imelala sakafuni, imejiachia, wanapata karibu sm 7, halafu wanashangaa hesabu haitimii. Mizunguko inayobaki inabeba uzito uleule, inabonyea vilevile kama mwanzo, kwa hiyo unachopunguza ni kimo cha mzunguko uliobanwa. Hesabu hiyo ni ya gari kama hii, ambayo shokapu imevaa springi na shokapu imeshika tairi moja kwa moja. Kwenye Mark II GX100 shokapu imekaa juu ya mkono wa chini, mbali kidogo na tairi, kwa hiyo tairi inapanda zaidi ya unavyokata. Huko kuwa mchoyo.

Sasa jeki. Upande wa kushoto huu... Dogo, sogea. Sogea na taa. Hebu ona.

Jamani, hii springi imesimama upande. Tairi inaning'inia, na springi imetoka kwenye kikalio chake, naizungusha kwa vidole viwili. Sikieni inavyogonga. Mwenye gari kaja na malalamiko kwamba kila akipita tuta anasikia "ko", akaambiwa ni stabilaiza linki, kijiti cha kuzuia gari isilale kwenye kona, akabadilisha linki, "ko" ikabaki palepale. Na gari imelala kushoto kidogo, yeye alidhani shokapu imekufa.

Vuta karibu hapo kwenye ncha. Kuna rangi ya bluu na zambarau, na mwisho wake umeyeyuka umefanya matone. Hii imekatwa na gesi, akauziwa kama springi nzima. Pale penye bluu chuma kilifika kama digrii 300, na pale kwenye matone kiliyeyuka kabisa, kwa hiyo ndani ya vidole vitatu hivi kimepita kila aina ya joto. Springi ni chuma kilichochomwa na kupoozwa kiwandani kwa kipimo ili kinyumbuke na kurudi. Ukikipiga gesi, sehemu moja inalainika, sehemu ya pembeni yake inakuwa kavu, na siku moja inakatika hapo hapo. Wapo pia wanaochoma springi ikiwa kwenye gari mpaka ijikalie yenyewe. Hao sina la kuwaambia.

Hii inaenda kwenye chuma chakavu. Kwa bahati nina jozi ya 110 niliyoitoa Ilala, nzima, haina kutu. Springi ni jozi, msinunue moja.

Tuendelee na upande wa kulia. Toa linki, toa mpira wa breki kwenye kishikio chake usije ukavutika, toa bolti mbili za chini. Halafu juu, fungua boneti. Sikilizeni hapa sasa. Mnaona nati tatu za pembeni, na moja katikati. Unafungua tatu za pembeni. Ya katikati usiiguse. Hata kuilegeza kidogo "ili iwe rahisi baadaye", usiiguse. Hiyo ndiyo inayozuia springi isiruke. Hapo shokapu ilipo, imenyooka kabisa, springi bado inasukuma kwa karibu kilo 100. Dogo, waonyeshe bati la paa pale juu lilivyobonyea. Nimemaliza.

Shokapu imetoka, iko chini. Leta vibanio vya springi, viwili, kimoja huku na kingine upande wa pili, vitazamane sawasawa. Kila ndoano ishike waya vizuri. Kaza huku mizunguko michache, hamia huku, rudi. Kwa mkono. Mashine ya upepo hapana, inaharibu nyuzi za vibanio na hutajua mpaka viachie. Shokapu iangalie ukutani, isimwangalie mtu, na wewe simama ubavuni. Unakaza mpaka springi ilegee kwenye vikalio vyake, uweze kuitikisa. Sasa, sasa hivi tu, ndiyo unaigusa nati ya katikati. Kama springi bado haitikisiki, rudi kwenye vibanio. Haitikisiki, nati haiguswi.

Haya, imeachana. Vuta kijiti cha shokapu juu mpaka mwisho, pima kutoka kikalio cha chini hadi cha juu. Yangu ni sm 31. Springi yenyewe, ikiwa huru, sm 36. Hapa ndipo penye jibu la video nzima, watu wanaparuka. Mwenye gari anataka mzunguko mmoja mzima. Mzunguko mmoja ikiwa huru ni sm 7: 36 toa 7 inabaki 29. Nafasi ni 31. Tairi ikining'inia, springi inaelea na pengo la sm 2, na ndiyo ile tuliyoiona upande wa kushoto. Gari ikiwa chini utaiona safi, imekaa, unapiga picha. Shida ni pale gurudumu linapoachia, kwenye tuta au shimo au ukikata kona kwa kasi na tairi la ndani likanyanyuka. Springi inatoka kwenye kikalio, na ikirudi haijui irudi wapi. Inaweza kukaa upande, inaweza kugusa tairi.

Kwa hiyo nusu mzunguko. 36 toa 3.5 ni 32.5, bado inabanwa sm 1.5 hata tairi ikining'inia. Kidogo, lakini inashika. Mkiona watu wamefunga springi kwa waya wa kuchomelea ili isiruke, mjue walishakosea kwenye tepu.

Na ugumu je? Hii ina mizunguko mitano inayofanya kazi. Ukitoa mmoja, springi inakuwa ngumu kwa asilimia 25. Ukitoa nusu, kama asilimia 11. Shokapu ya kawaida inavumilia hiyo 11, ya 25 inaanza kushindwa kuituliza, gari inadunda kama mpira wa watoto.

Grenda. Miwani, na diski nyembamba ya kukatia. Unakata ncha ya chini, iliyo wazi, inayofuata mkunjo wake. Ile iliyokunjwa ikawa bapa huigusi. Weka alama kwa tepu ya karatasi, hesabu kutoka nchani, na alama ya springi ya pili ifanane na ya kwanza kabisa. Kata, pumzika, kata. Ukiona chuma kinabadilika rangi unakandamiza sana. Mimi nikishakata nashika kwa mkono, iwe vuguvugu tu. Piga tupa kingo zile, paka rangi, iache ikauke. Pasipo na rangi kutu inaanza, na springi nyingi ninazoona zimekatika zilianzia kwenye kutu.

Angalia na raba ya juu. Hii ni bapa duara zima, kwa hiyo springi naigeuza nitakavyo. Kama ya kwako ina ngazi, yaani kituo cha kugotea ncha ya springi, juu na chini, nusu mzunguko haikukubali, ncha moja itakosa ngazi yake. Hapo ama mzunguko mzima, na tepu imeshakuambia kuhusu huo, ama njoo kwenye rafu yangu.

Kurudisha ni kinyumenyume. Ncha uliyokata igote kwenye ngazi ya kikalio cha chini. Ile raba ya kugotea iliyo ndani ya buti ya vumbi irudi, msiitupe. Nati ya katikati ikazwe hadi mwisho, ndiyo ulegeze vibanio, kidogo kidogo, huku na huku. Nati kwanza, vibanio baadaye. Nati kwanza.

Dogo, jeki tena, pande zote mbili zining'inie. Shika springi, jaribu kuizungusha. Haizunguki. Kushoto pia. Safi. Geuza usukani mwisho hadi mwisho, angalia mpira wa breki haukwaruzwi. Shusha.

Imeshuka sm 2. Mwenye gari amekunja uso, anasema haionekani. Mwambieni kwamba Japani, gari hii ilikotoka, ukaguzi wao unataka chini ya gari pabaki angalau sm 9, na springi ikicheza tairi ikining'inia gari haipiti. Akitaka sm 4, tunaweka shokapu fupi na springi fupi zilizotengenezwa pamoja, tumalize.

Hajalipa alaimenti, na leo haendi mbali bila hiyo. Ukishusha mbele, tairi zinabadilisha mlalo na mwelekeo, na zitalika upande mmoja kabla hujajua. Taa nazo zimeinama sasa, zinamulika karibu, kwa hiyo jioni tutazipandisha hapo ukutani. Niandikieni aina ya gari na mwaka wake, na kama una tepu, andika vile vipimo: mzunguko ukiwa umebanwa na ukiwa huru, springi nzima ikiwa huru, na nafasi kati ya vikalio, nikujibu kama inakatika au haikatiki.