Mtoto Aulize Bei ya Korosho: Mhadhara kwa Walimu, Wazazi na Wanafunzi, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazazi mlioacha shughuli zenu kuja hapa, na ninyi wanafunzi mliokaa huku mbele. Wakubwa shikamooni. Wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mradi wa wanafunzi kuandika habari. Naanza na jambo ambalo pengine wengi hapa hamjalisikia. Mwaka 1888, shule ya wamisheni wa Kianglikana wa UMCA pale Kiungani, Zanzibar, ilianza kuchapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Ni miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa katika lugha yetu. Habari zake zilikuwa zinatoka kwenye vituo vya misheni, na Masasi na Newala vilikuwamo. Basi mzazi akisikia kwamba shule inafundisha uandishi wa habari, asidhani ni mambo mapya ya Dar es Salaam. Gazeti la Kiswahili lililelewa shuleni, na habari za Kusini zilikuwa ndani yake tangu hapo.

Wenzetu wa Uingereza nao wana mfano wao. Mwaka 2006 shirika la BBC lilianzisha mradi wa shule za sekondari, na mwezi Machi 2007 ikafanyika siku ya habari ya kwanza: wanafunzi walichagua habari, walihoji watu, waliandika, na kazi ilitakiwa iwe tayari saa nane mchana. Wana vifaa ambavyo sisi hatuna, na leo sitavizungumzia kabisa. Nilichokipenda mimi ni ile saa nane. Mwanafunzi anajua kwamba saa nane ikifika kuna mtu asiyemfahamu atasoma au atasikiliza alichokiandika, na mtu huyo hatampa alama. Atamwamini au hatamwamini.

Hilo ndilo linalokosekana katika insha zetu. Walimu wa Kiswahili mnisikilize kwa upole, kwa sababu nawaheshimu sana. Tumewazoesha watoto utangulizi, kiini na hitimisho, na msomaji wao mmoja tu ni mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Niliwahi kupewa nisome kazi ya binti wa kidato cha pili iliyohusu maji. Ilianza, "Maji ni uhai, bila maji binadamu hawezi kuishi." Ikaendelea hivyo ukurasa mzima, mwandiko safi, sarufi safi. Mwishoni kabisa, mstari wa mwisho kabla ya hitimisho, aliandika kwamba bomba la kijijini kwao halijatoa maji kwa wiki tatu na ndoo sasa inanunuliwa. Nikamwambia, mwanangu, habari yako ni hii. Ipandishe juu. Ndoo moja shilingi ngapi? Nani anauza? Anayatoa wapi? Fundi wa bomba anasemaje? Akaniangalia, akauliza, "Kwani naruhusiwa kumuuliza fundi?"

Swali hilo limenifanya nikubali mwaliko wa leo. Shule zetu zinamfundisha mtoto kujibu maswali kwa miaka mingi, na ni mara chache sana anapewa nafasi ya kuuliza lake. Mradi wa habari, ukifanywa vizuri, unamfundisha kuuliza.

Twende kwenye kazi yenyewe, na nichague ile inayotuhusu wote: korosho. Kila msimu, kuanzia Oktoba hivi, minada inaanza na redio zinatangaza bei. Mwanafunzi anayenakili tangazo hilo daftarini bado hajaandika habari, amebeba ya mwenzake tu. Mpeni kazi hii: mkulima wa mtaa wako, katika kilo moja, amepata shilingi ngapi mkononi?

Angalieni kazi hiyo inavyompeleka mbali. Lazima kwanza aelewe stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanzia mkoani kwetu msimu wa 2007. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, anapewa karatasi yake, mzigo unakwenda ghala kuu, chama kikuu kinauingiza mnadani, wanunuzi wanaweka bei. Kwa watu wa Tandahimba na Newala chama kikuu ni TANECU. Kwa Masasi na Mtwara ni MAMCU. Wakulima wanasomewa bei, wanaikubali au wanaikataa. Halafu yapo makato: usafiri, ghala, ushuru wa halmashauri, chama. Halafu kuna kungoja fedha iingie benki. Kwa hiyo mtoto akija na namba moja tu, mwalimu amrudishe. Kuna bei ya juu na bei ya chini ya mnada ule. Kuna daraja la korosho. Kuna bei kabla ya makato na baada ya makato. Na kuna yule ambaye hakufika ghalani kwa sababu mgonjwa alikuwa ndani na hela ilitakiwa jana, akauza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi, nje ya chama. Huyo naye ana bei yake, na mara nyingi ndiye mwenye habari kubwa kuliko wote.

Mtoto aende kwa katibu wa chama aone tangazo ubaoni kwa macho yake. Aende kwa wakulima watatu wasio wa nyumba moja. Aombe kuona karatasi. Bibi akisema "nilipata kama elfu mbili na kitu," aandike kwamba bibi amekadiria, kisha aombe stakabadhi. Bibi hasemi uongo hata kidogo, lakini karatasi ina tarehe na kilo, na kumbukumbu ya msimu huu huchanganyika na ya msimu uliopita.

Wakubwa mnakumbuka Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ile nchi nzima iliijua siku ileile. Swali la pili, kwamba fedha imemfikia nani na nani bado anahakikiwa, lilichukua miezi, na majibu yake yalikuwa vijijini kwetu, kwenye nyumba za wanafunzi wenyewe. Mwandishi wa kutoka mbali angeshinda siku nzima kupata alichoweza kukipata mtoto wa kidato cha tatu akitoka shule jioni.

Sasa suala la adabu, kwa sababu najua linawakaa moyoni wazazi. Mtoto kumuuliza mzee hakumvunjii heshima. Kunategemea anaulizaje. Aamkie. Aseme jina lake, shule yake, na kwamba anayoambiwa yatasomwa na watu. Hili la mwisho ni la lazima, maana mzee anavyoongea na mjukuu anayepita njia sivyo anavyoongea na mjukuu mwenye daftari. Na jibu lisipoeleweka asirudi nyuma. Aseme, "Samahani babu, naomba nielewe vizuri, hizo kilo ni kabla au baada ya kupimwa ghalani?" Nimesikia watoto wakiuliza hivyo, na nimeona wazee wakifurahi kwamba kuna mtu anataka kujua kazi yao kwa undani.

Kuna mambo ya kujizuia. Binti aliyeacha shule kwa mimba asitajwe jina, wala kijiji chake kama ni kidogo kiasi cha kumtambua. Ya ndani ya jando na unyago si ya kutangazwa mstarini. Lakini mwanafunzi anaweza kabisa kuhesabu madawati yaliyobaki wazi wakati wa sherehe au wakati wa kuokota korosho, akaandika hilo. Na kama katibu wa chama ni mjomba wake, habari hiyo apewe mwenzake. Wanafunzi hilo mlishike sana, kwa sababu huku kwetu kila mtu ni ndugu wa mtu.

Vifaa sitavisema sana. Simu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni, na mradi hauzihitaji. Daftari, kalamu, ubao wa matangazo, na dakika tano mstarini kila Ijumaa. Simu ya mwalimu ikirekodi mahojiano, vizuri. Redio za jamii ziko katika mikoa yetu na zinatafuta vipindi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna swali la mzazi pale nyuma, nalirudia ili wote wasikie: "Mwanangu akiandika kwamba chama kimechelewesha malipo, nani atamlinda?"

Mama, ahsante, ni swali zito. Kwanza, habari ya mwanafunzi isitoke bila mwalimu kuisoma na kuona daftari la mahojiano. Pili, chama kipewe nafasi ya kujibu kabla, na jibu lake liandikwe hata kama ni refu na halituridhishi. Tatu, pale wanaponyamaza, tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayozitaka taasisi zinazohusika kumjibu mwananchi ndani ya siku 30. Barua rasmi watoto wanafundishwa darasani. Waiandike ya kweli, ipite kwa mkuu wa shule, ipigwe muhuri, nakala ibaki faili la shule. Na ikifika siku ya 31 bila jibu, basi mtoto aandike hivyo hivyo: tuliuliza tarehe fulani, hadi leo hatujajibiwa. Jina linalokwenda chini ya habari hiyo liwe la klabu ya shule nzima, pamoja na la mwalimu mlezi. Mwalimu asiyekuwa tayari kuweka jina lake hapo, asimtume mtoto.